Waterloo yetu ya Gelsenkirchen

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Julai 2014 tulikuwa tumebanana kwenye kibanda cha video pale Birere, magoti ya mtu wa nyuma mgongoni mwako. Nusu fainali ya Kombe la Dunia, Brazil na Ujerumani, ilianza saa nne usiku kwa saa za Goma. Klose alipofunga la pili, jenereta ilikoroma mara mbili ikazimika. Mwenye kibanda akatafuta mafuta gizani huku akitukana, akamimina, akavuta kamba, na dekoda nayo ikajivuta kuamka. Picha iliporudi, juu pembeni paliandikwa 5–0. Watu walimzomea wakisema televisheni yake imepata wazimu. Kumbe kati ya dakika ya 23 na ya 29 Ujerumani ilikuwa imefunga manne, na matatu yake yametupita gizani. Iliishia 7–1.

Jioni yake nilikuwa na darasa la Kiingereza. Goma ya miaka ile, kila mwenye diploma alikuwa anakimbiza Kiingereza kwa sababu ya kazi za mashirika ya misaada. Kifaransa peke yake kilikufikisha hadi kwa mlinzi wa getini, basi. Tulisomea kwenye chumba cha mbao kilichojengwa juu ya mawe ya volkano. Hakuna aliyejisumbua kusawazisha sakafu, kwa hiyo benchi letu lilikuwa na mguu mmoja hewani, na ukiinuka bila kuwaonya wenzako wanaanguka.

Mwalimu, aliyesoma Kampala, hakutaka kupoteza nafasi. Motari mmoja, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, wa darasa letu alikuwa ameingia na jezi ya njano ameivaa ndani nje, na kicheko hakijaisha mwalimu akawa ameshaandika ubaoni: thrash, trounce, rout, hammer, drub. Akasema haya ndiyo maneno ya magazeti ya Uingereza timu ikifungwa vibaya. La kwanza ni ndugu wa neno lao la kupura nafaka. La mwisho, wenye kamusi wanadhani limetoka kwenye Kiarabu, daraba, kupiga, mzizi uleule uliotupa sisi dharuba.

Alidhani ametutisha. Sisi tuliokulia kwenye redio, na watangazaji wa mpira wa Kiswahili, tukaanza kumrushia: kutandikwa, kucharazwa, kubamizwa, kunyukwa, kuchabangwa, kugaragazwa, kubugizwa. Akagawa ubao katikati, na upande wetu ndio uliojaa kwanza. Motari, ambaye maneno yote hayo yalikuwa yanamwangukia yeye, aliomba angalau tuyaseme polepole.

Shida ilianza kwenye kundi la pili: annihilate, obliterate, raze, decimate. Mwalimu alieleza kwamba la kwanza lina Kilatini cha "si kitu" ndani yake, yaani kufanya kitu kisiwepo kabisa, na kwamba magazeti huyatumia haya pia kwa mpira. Mama mmoja muuza vitenge, aliyekaa dirishani, akakataa katakata. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipopasuka, uji wa moto ulishuka ukapita uwanja wa ndege, ukakata mji katikati mpaka ziwani, na nyumba yake ikabaki chini ya mawe. Aliporudi kutoka Gisenyi, alisema, alitembea juu ya mawe yenye joto bado akitafuta mlango wake, na hakuona hata bati la kumwonyesha mtaa. "Mwalimu, hilo neno niwekee mimi. Hao Wabrazili jana wamelala kwao."

Mwalimu alijitetea kidogo, kwamba Mwingereza akisema hivyo hafikirii Kilatini. Ni kweli, lakini kwa maoni yangu mama alikuwa na haki, na mpaka leo nikisoma kichwa cha habari cha namna hiyo namkumbuka yeye. Kwa decimate tulipumua: zamani jeshi la Roma likiadhibu kikosi lilichagua askari mmoja katika kila kumi auawe. Motari akapiga hesabu harakaharaka. "Basi kati ya wachezaji kumi na mmoja tungepoteza mmoja tu? Mimi hiyo naipokea."

Kisha mwalimu akasema Waingereza wana msemo pia, mtu kukutana na Waterloo yake, yaani kupata kipigo cha kummaliza, akatueleza vita vile vya kusini mwa Brussels, Napoleon akishindwa na Wellington na Blücher, 18 Juni 1815.

Papa Shoferi akainua kichwa. Huyu alikuwa mzee wetu, ameendesha malori miaka mingi, na darasani kwa kawaida alikuwa akisinzia kwa heshima.

"Tarehe ngapi, mwalimu?"

"18 Juni, Papa."

"Hiyo ni tarehe yetu."

Tukanyamaza. Tarehe 18 Juni 1974, mjini Gelsenkirchen, Ujerumani, kwenye Kombe la Dunia, Zaire, jina la Kongo yetu wakati ule, ilifungwa 9–0 na Yugoslavia. Papa alikuwa kijana, ameweka sikio kwenye redio ya jirani. Alitusimulia wachezaji walivyokuwa na hasira ya marupurupu yasiyolipwa. Kocha Vidinić, Myugoslavia mwenyewe, alivyomtoa kipa Kazadi baada ya bao la tatu, na watu mitaani wakasema ametuuza kwa ndugu zake. Na ile kadi nyekundu! Mchezaji wetu Mwepu alimpiga mwamuzi teke, akatolewa mwenzake Ndaye. Papa alisimama kuonyesha teke lenyewe, benchi likapinduka na wanne wakakaa chini.

"Na huyo Napoleon," akauliza tulipokwisha kuliinua, "baadaye alikwenda wapi?"

"Walimpeleka kisiwa cha St Helena. Alifia huko 1821."

"Sisi baada ya siku nne tulicheza na Brazil. Tukafungwa tatu tu. Waterloo hiyo haitufai."

Mwalimu alitupa kazi ya nyumbani: sentensi moja kwa Kiingereza, kuhusu kipigo halisi, kwa kutumia neno moja la ubaoni. Wengi tuliandika 7–1, motari naye akaandika kwamba polisi wa barabarani wamemtrounce. Papa alisoma yake polepole, kidole kikifuata mstari: Machi 1974, Cairo, Zaire iliifunga Zambia 2–0 ikawa bingwa wa Afrika, na mabao yote mawili ni ya Ndaye. Neno alilotumia ni beat, basi.

"Papa, neno la ubaoni liko wapi? Na mimi niliomba habari za kushindwa."

"Zambia si walishindwa?" akasema Papa, akaketi.