Haituhusu

Mwaka 2012 nilikuwa fundi mdogo kuliko wote katika ofisi moja maeneo ya Posta, Dar es Salaam. Jumamosi moja nikaachiwa kazi ya kuapgredi programu ya getiwei ya mikutano ya video. Getiwei ile ndiyo ilikuwa mkalimani wetu: mitambo ya chumba chetu cha mikutano ilikuwa ya zamani, inajua H.323 tu, lugha ya zamani ya kupigiana simu za video, na wenzetu wa Nairobi walishahamia lugha mpya zaidi, SIP.

"Maelezo ya toleo umesoma?" fundi mkuu aliniuliza kwa simu.

"Nimesoma, kaka."

"Na matatizo yanayojulikana?"

"Yote."

Sikumdanganya. Niliyachapa, nikayapitia na kalamu mkononi. Moja lilisema cheti cha usalama huweza kufutika, nikakiwekea nakala. Jingine lilisema bakapu ya toleo la zamani haipokelewi na toleo jipya. Nikapiga picha kila ukurasa wa mipangilio. La tatu lilisema anwani ya nje, ile inayohitajika getiwei ikikaa nyuma ya fayawoli, yaani ukuta wa ulinzi wa mtandao, baada ya kuapgredi hubaki tupu. Nikainua macho kwenye mchoro wa mtandao uliobandikwa ukutani. Getiwei yetu ilichorwa mbele ya fayawoli, inatazamana na intaneti uso kwa uso. Nikaandika pembeni: "Haituhusu."

Kazi yenyewe iliisha kabla ya magharibi. Nikajaribu kwa kupiga kutoka laptopu yangu hadi chumba cha mikutano, mwendo wa koridori moja. Picha safi, sauti safi. Nikashuka Feri kula samaki wangu kwa amani.

Jumatatu saa tatu asubuhi mkurugenzi na watu wake wakaketi. Nairobi wakapokea. Kwenye skrini sekunde zikawa zinahesabika, lakini picha hakuna, sauti hakuna. Enzi za setilaiti watu wangevumilia. Sauti ilikuwa inapanda karibu kilomita 36,000 angani na kushuka tena, kwa hiyo kusubiri ilikuwa ada. Tangu mkongo wa baharini ufike mwaka 2009, uvumilivu huo ulikwisha.

"Hawa wa Nairobi bwana!" mzee akapiga meza. "Kila siku wao tu. Na leo wakiniletea habari ya kuongezewa fungu, siwapi hata senti tano."

Mimi nilikuwa chini ya meza navuta waya, jambo la kipuuzi kabisa, maana waya ungekuwa mbovu hata simu isingepokelewa. Nilipofikiri hivyo ndipo jasho likanitoka. Simu imeunganika, kinachopotea ni kinachorudi. Nikakimbilia chumba cha seva, nikafungua picha za Jumamosi. Kwenye moja, niliyoipiga kwa mkono wangu mwenyewe, kile kisanduku cha anwani ya nje kilikuwa kimejazwa. Sasa kilikuwa kitupu. Kumbe fayawoli ilikuwa imesogezwa mbele ya getiwei mwaka uliotangulia, na hakuna aliyekumbuka kuchora upya.

Kwa hiyo getiwei ilikuwa inawaambia Nairobi, "Nileteeni picha na sauti hapa," halafu inawapa anwani yake ya ndani, ile ya kuanzia 192.168, ambayo nje ya jengo letu haina maana yoyote. Pakiti zao, yaani vile vipande vya picha na sauti, zilikuwa zinapotelea njiani. Jaribio langu la koridori lisingeweza kuligundua hilo, kwa sababu halikutoka nje ya nyumba.

Nikajaza anwani, nikahifadhi, nikaiwasha upya. Nilipokuwa nasubiri iamke ndipo nikaliona lile lingine: pakiti zetu kwenda kwao hazikuwa na kizuizi chochote.

Niliporudi chumbani simu ilikuwa imeshapigwa tena, na picha imetokea. Watu wanne wamekaa kimya, mikono mezani.

"Mnatusikia?" mzee akauliza kwa sauti kubwa.

"Habari ya asubuhi, mzee," mama mmoja wa Nairobi akajibu taratibu. "Sisi tumekusikia tangu saa tatu."