Risala ya mahafali
Mwaka niliomaliza kidato cha nne nilipewa kazi ya kusoma risala ya wahitimu mbele ya mgeni rasmi, mkuu wa wilaya. Nilichaguliwa kwa sababu ya sauti yangu kubwa. Mwalimu wa Kiswahili akaniambia hiyo sauti ndiyo itakayoniponza.

Jioni alinisimamisha kwenye ngazi za ofisi, yeye akaenda kukaa chini ya mwembe, ng'ambo ya uwanja wa paredi. Kila nilipomeza silabi ya mwisho alinyanyua fimbo, narudia. Wengi wetu tuna ugonjwa huo: mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, pumzi ikipungua mkia wa neno unapotea, na aliye nyuma hajui umesema "tunao" au "tunayo". Kupiga kelele hakusaidii. Unavuta pumzi ya tumboni, unaikata sentensi kabla haijakuishia.

Kisha akanisikilizisha kanda ya hotuba ya Nyerere ya Novemba 1978, ile ya vita dhidi ya Idi Amin. Sababu, uwezo, nia: nilikuwa nayajua maneno hayo kama kaulimbiu tu. Kwenye kanda nikasikia kwamba kila moja limepewa pumzi yake. Tukaichora risala kwa penseli, mkato mmoja wa kupumua, miwili ya kunyamaza.

Risala za mahafali zinafanana nchi nzima. Salamu peke yake, ukiwataja diwani, afisa elimu kata na wajumbe wa bodi, zinaweza kumlaza mtu (Mungu ambariki aliyebuni "itifaki imezingatiwa"). Changamoto zetu zilianza na uzio, zikaja kompyuta, vitabu, maabara. "Hizo zote pita," Mwalimu alisema. "Kwenye vyoo simama."

Siku yenyewe turubai lilijaa, spika zinakoroma. Nikafika pale. "Wasichana tuko 214. Matundu ya vyoo tunayo manne." Mikato miwili. Mwongozo wa serikali unataka tundu moja kwa wasichana 20, lakini hilo hatukuliandika. Hesabu tulimwachia mgeni rasmi.

Jamani, kunyamaza mbele ya watu ni kazi! MC akadhani nimesahau, akaanza kunisogelea. Mwalimu, kule nyuma, alikuwa amekunja mikono, na tulikubaliana nisiendelee mpaka aikunjue. Mgeni rasmi akaacha kujipepea kwa karatasi ya ratiba, akamwinamia mkuu wa shule sikioni. Mkuu akaonyesha vidole vinne. Mikono ikakunjuliwa.

Alipopanda kuhutubia, mgeni rasmi hakugusa uzio wala kompyuta. Aliahidi mifuko 50 ya saruji palepale, akaanzisha harambee; wazazi wakaahidi matofali, mmoja akatoa jogoo akanadiwa. Mkuu wa shule, ambaye uzio ndio uliokuwa ukimnyima usingizi, alimwambia Mwalimu jioni ile kwamba risala ya mwakani ataiandika yeye mwenyewe.