Joka Dogo la Samawati: ninavyoitumia dawa hii msimu wa chavua

Kabla ya kufungua pakiti ya Joka Dogo la Samawati, dawa ya mitishamba ninayoitumia kwa mzio wa chavua, naangalia kwanza makamasi. Yakiwa mepesi kama maji, yanachuruzika yenyewe, chafya zinafuatana tano sita na mgongo unahisi baridi, hapo dawa hii ina kazi. Yakiwa mazito ya manjano, au koo limekauka na linaunguza, siigusi, maana mchanganyiko huu unapasha mwili joto na kukausha, na aliyekwisha kukauka utamzidishia. Macho yanayowasha hayapati nafuu ya maana, kwa hiyo hayo nayatibu kando kwa matone ya kuzuia mzio. Homa ikiambatana na maumivu ya uso si suala la chavua tena, ni la daktari.

Wajapani huiita sho-seiryu-to, Wachina xiao qing long tang, na tafsiri ya yote mawili ni mchemsho wa Joka Dogo la Samawati. Asili yake ni vitabu vya tiba vya Kichina vya miaka takriban 1,800 iliyopita. Leo inatumika sana Japani, ambako chavua ya miti ya sugi huwatesa watu kuanzia Februari hadi Aprili, kisha ya hinoki ikapokea zamu.

Viungo ni vinane. Kipimo cha Kijapani cha siku moja ni gramu 6 za kiazi cha pinellia, na gramu 3 za kila kimojawapo cha hivi saba: efedra, mdalasini, tangawizi kavu, mzizi wa peoni, mzizi wa asarum, tunda la schisandra na mzizi wa urukususu. Jumla ni gramu 27 za mimea mikavu. Anayefungua pua hasa ni efedra, kwa sababu ina efedrini na pseudoefedrini, ambazo husinyaza mishipa ya damu ndani ya pua. Pseudoefedrini ni ileile inayotiwa kwenye vidonge vingi vya mafua. Ndiyo maana mtu akiniambia anakunywa "majani tu", namwomba asome tena orodha ya viungo.

Natumia chembechembe zilizotengenezwa kiwandani, sichemshi mimea mwenyewe. Sababu ni mbili. Pinellia mbichi ni sumu, huwasha na kuvimbisha koo, na kwa macho huwezi kujua kama imetayarishwa ipasavyo. Asarum nayo ina asidi ya aristolokia kwenye majani na mashina, inayoharibu figo na kusababisha saratani. Ndiyo maana viwango vya Japani vinaruhusu mizizi na shina lake la chini ya ardhi tu. Asidi hiyo si ya kufanyia mzaha: Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakipewa mitishamba ya Kichina ya kupunguza unene waliharibika figo baada ya mmea mmoja kubadilishwa na aristolochia. Kwa hiyo unga usio na jina la mtengenezaji wala namba ya toleo siununui.

Kwenye lebo, uzito wa chembechembe haukuambii nguvu ya dawa. Tafuta mstari unaotaja mimea mikavu iliyotumika kwa dozi ya siku. Zipo pakiti zinazouzwa bila cheti cha daktari zenye nusu tu ya kipimo kamili, na mnywaji hudhani dawa imemkataa. Zile za hospitali za Kijapani nilizozizoea ni gramu 9 kwa siku, yaani pakiti tatu za gramu 3, na ndani yake mna gramu 5 za dondoo kavu. Kinachobaki ni kijazio, mara nyingi laktosi, kwa hiyo tumbo linalogombana na maziwa linaweza kunguruma. Jambo jingine: Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye efedrini mwaka 2004. Kopo lenye jina lilelile linaweza kuwa halina efedra kabisa, na hiyo ni dawa nyingine.

Kunywa kwenyewe ni rahisi. Nakoroga pakiti moja kwenye maji ya moto, kama nusu kikombe, nangoja yawe vuguvugu, nakunywa polepole tumbo likiwa tupu: nusu saa kabla ya kula, au saa mbili baada ya mlo. Ladha ni chachu na kali. Uchachu ni wa schisandra. Pakiti ya kwanza asubuhi, ya pili kabla ya chakula cha mchana, ya tatu saa kumi jioni. Usiku sinywi, kwa kuwa efedra hunyima usingizi. Kahawa naipunguza hadi kikombe kimoja cha asubuhi. Kwangu pua huanza kukauka ndani ya saa moja hivi. Siku nne zikipita bila tofauti yoyote, naacha, siongezi dozi.

Dozi ya kwanza kabisa inywe siku usiyo na safari, na upime shinikizo la damu kabla, kisha saa moja au mbili baadaye. Moyo ukienda mbio, jasho likitoka ovyo, mikono ikitetemeka au mkojo ukigoma kutoka, ni efedra hiyo: usinywe nyingine.

Hatari ya urukususu huja taratibu, na ndiyo inayowaponyoka wengi. Ukinywa kwa wiki kadhaa, hufanya mwili ubakize chumvi na maji huku ukipoteza potasiamu. Dalili ni miguu kuvimba, uzito kupanda ghafla, shinikizo kupanda, misuli kukaza au kulegea. Anayetumia dawa za kukojosha kama furosemidi huzipata upesi zaidi. Kosa la kawaida ni kurundika: mtu anakunywa hii kwa chavua, anapata mafua, anaongeza kakkonto, dawa nyingine ya mitishamba ya Kijapani, asijue kwamba nayo ina efedra na urukususu. Akiweka juu yake kidonge cha mafua chenye pseudoefedrini, amejipa dozi tatu za kitu kimoja.

Wenye shinikizo la juu, ugonjwa wa moyo, tezi la shingo lililozidisha kazi, tezi dume iliyovimba au potasiamu pungufu wasiianze bila daktari. Vivyo hivyo mjamzito, na anayetumia teofilini (dawa ya pumu) au dawa za sonona za kundi la vizuizi vya MAO. Wanamichezo wanaopimwa waiache kabisa, kwani efedrini imo kwenye orodha ya marufuku. Na anayekoroma kifua na kukosa pumzi anahitaji dawa yake ya kuvuta ya pumu, si kikombe hiki.

Sijaifanya badala ya dawa ya kupuliza puani ya steroidi, ambayo bado ndiyo nguzo yangu. Hiyo huchukua siku kadhaa kufikia nguvu zake, basi naianza wiki mbili kabla ya msimu. Chembechembe nazitunzia siku mbaya: upepo mkavu baada ya mvua, chavua imejaa hewani, pua inavuja hata nikiwa nimelala chali. Faida yake juu ya baadhi ya vidonge vya mzio ni kwamba haileti usingizi. Zikifika wiki mbili za kunywa kila siku, napima shinikizo na uzito tena, na nikihitaji kuendelea naomba kipimo cha potasiamu. Chavua ikiisha naacha siku hiyohiyo, bila kupunguza dozi kidogokidogo.