Jivu Linalong'aa Ndani ya Karabai

Karabai ya marehemu babu ilikaa stoo kwa zaidi ya miaka ishirini kabla sijaitoa mwezi uliopita. Babu alivua dagaa katika Ziwa Victoria, na taa hii ndiyo aliyoiwasha usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, ili dagaa waufuate mwanga hadi karibu na mtumbwi. Tangi lake bado ni zima. Ngozi ya pampu ilikuwa imekakamaa kiasi cha kushindwa kushika upepo, nikailoweka katika mafuta usiku kucha ikalainika, kisha nikazibua nozeli kwa sindano.

Kilichonishughulisha zaidi ni utambi. Haufanani na utambi wa kandili, unaonyonya mafuta na kuungua taratibu; huu ni kifuko cha kitambaa kilicholoweshwa chumvi za madini ya thoriamu na seriamu. Ukiwashwa mara ya kwanza, nyuzi zote huteketea, na kinachobaki ni jivu jeupe lenye umbo lilelile la kifuko, ambalo hubomoka likiguswa tu. Mafuta ya taa yanayosukumwa na upepo hupanda katika bomba lililokwisha kupashwa moto kwa spiriti, hugeuka mvuke, huchanganyika na hewa na kuwaka kwa moto wa buluu usioangaza sana. Mwanga wote ule mweupe, ambao wavuvi waliutegemea miaka mingi kabla ya wengi wao kuhamia taa za LED, hutoka katika jivu.

Carl Auer von Welsbach, mkemia wa Austria, alipata hataza ya kwanza mwaka 1885, ila tambi zake za mwanzo zilitoa mwanga wa kijani ambao watu hawakuupenda. Mwaka 1891 alifikia uwiano wa asilimia 99 ya oksidi ya thoriamu na asilimia 1 ya oksidi ya seriamu. Asilimia hiyo moja hunistaajabisha kila ninapoifikiria, kwani thoriamu peke yake hutoa mwanga hafifu, na seriamu ikizidi mwanga hupungua tena. (Ni yeye pia aliyebuni, mwaka 1903, mchanganyiko wa seriamu na chuma unaotumika hadi leo kama jiwe la kiberiti cha gesi.)

Mwaka 1898 iligundulika kwamba thoriamu hutoa mionzi ya nyuklia, na baadaye watengenezaji wengi waliiacha wakatumia itriamu. Tambi mbili nilizozikuta katika kopo la babu ni za zamani, kwa hiyo nilizichukulia kuwa na thoriamu: nilizifunga kwenye taa nikiwa nje, nikavaa barakoa nisivute vumbi lake, na nikanawa mikono vizuri baadaye.

Wa kwanza ulibomoka nilipoinyanyua taa kwa pupa. Wa pili ungali mzima, na karabai imening'inia kwenye boriti ya kibaraza, mahali ambapo hakuna anayeruhusiwa kuisogeza.