Nani Anakohoa Hapo, Madam?

Ni Julai 2020, shule zimefungwa kwa sababu ya korona, nami mwalimu wa ushauri nawasikiliza wanafunzi wangu kwa simu. Tangu Jumapili ninaisikia sauti ya binti mmoja wa kidato cha tatu. Simu ni ya mamake, na mamake huuza omena soko la Jubilee, Kisumu, kwa hiyo tunaongea akisharudi kutoka sokoni, kabla ya kafyu ya saa tatu.

"Uko mahali unaweza kuongea?" Ndivyo ninavyowauliza wote.

"Ndiyo, Madam. Niko nje, karibu na tangi."

"Haya, nakusikiza."

Kimya. Kisha: "Na wewe je, Madam? Nani anakohoa hapo?"

"Ni mzee tu. Yuko sebuleni."

"Basi tutaongea shule zikifunguliwa."

Akanitakia usiku mwema, akakata. Hata hakuwa na hasira.

Mzee wangu mnamjua, na pumu yake mnaijua. Tangu hoteli yao ifungwe mwezi wa tatu yuko nyumbani. Mimi hujifungia jikoni, kigoda nimekiegemeza mlangoni, lakini kikohozi hakijui kigoda. Chuoni tulifundishwa viti vipangweje ili mtoto asikukabili uso kwa uso, tukaisoma siri ya mwanafunzi muhula mzima. Nani anamsikia mwalimu akiwa kwake? Hilo halikuwa kwenye mtihani. Na kila Ijumaa natumiwa fomu nijaze nimewahudumia wangapi. Huyu nimweke safu gani?

Jumanne Waziri wa Elimu, Magoha, akatangaza shule zitafunguliwa Januari 2021, mtihani wa KCSE mwaka huu hakuna, na wiki hiyohiyo tukaambiwa maputo ya kampuni ya Loon yanatuletea intaneti kutoka angani. Maputo nayakaribisha. Ila bando haimfungii mtu mlango, na mimi nilikuwa bado nimekwama pale pale: "Shule zikifunguliwa." Januari! Kitu gani hicho anachotaka kukibeba hadi Januari? Nimekigeuza kila upande, vingine hata siviandiki hapa.

Halafu jana, nikiosha sufuria, ujumbe ukaingia kwa namba ya mamake: "Madam mzee amepata dawa?"

Nilicheka mpaka mzee mwenyewe akaja kuuliza kuna nini. Nikampigia. Tukazungumza habari za pumu, za nyanya yake anayeamini mwarobaini unatibu kila kitu, za bei ya omena. Jambo lenyewe hakuligusa, nami sikulichokonoa. Alipokuwa anaaga ndipo akasema, "Kesho na wewe toka nje, Madam. Tuwe nje sote."

Nitasimama nyuma ya choo cha ploti, majirani waseme wanavyotaka.

Sasa kinachoninyima usingizi ni Mama kule Nyando. Ziwa Victoria limerudisha maji hadi kwenye choo chake, na bado anachota kisima kilekile kwa sababu eti maji yake ni matamu. Nimemtumia hela za dawa ya maji tangu asubuhi. Hajajibu, na simu ya jirani yake imezimwa.