Kwa hiyo hujui

Siku ya nane leo na bado yananizunguka kichwani. Maneno matatu tu, tena hayakusemwa kwa ubaya.

Baba mnamfahamu. Jumamosi iliyopita alikuwa amekalia ile stuli aliyoiunda kabla sijazaliwa, ile ambayo mguu wake mmoja umeanza kucheza. Akaigonga kwa kidole. "Mama, wewe si ndiye mtaalamu. Hii mbao gani?"

Nikatoa lenzi mfukoni (natembea nayo, mnanijua), nikachuna kidogo kwa wembe chini ya kikalio, nikatazama. Mirija mikubwa, na ile mistari ya viwimbi inayotokea miale (zile safu za seli zinazotoka katikati ya gogo kuelekea gome) inapojipanga ghorofa kwa ghorofa. Nikasema, "Ni jamii ya Pterocarpus, Baba."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Inaweza kuwa mninga, inaweza kuwa mkurungu. Ni ndugu, ndani wanafanana mno."

"Kwa hiyo hujui."

Akarudi kwenye redio yake.

Nimeshamjibu mara mia tangu siku ile, bafuni, kwenye foleni, kitandani. Nimemweleza kwamba kujua mwisho wa unachokijua nako ni kazi. Kwamba orodha ya IAWA, chama cha kimataifa cha wanaochunguza maumbile ya mbao, ya 1989 ina sifa 163, na hata ukizipitia zote, mara nyingi mbao itakutajia ukoo wake na kukuficha jina. Kwamba mkutano wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, wa 2022 ulipoziweka Pterocarpus zote za Afrika chini ya udhibiti, nilishusha pumzi, kwa sababu kabla ya hapo ulidhibitiwa mkurungu huku mninga ukipita, na mimi ndiye niliyeletewa ubao uliokwisha kupasuliwa niseme ni upi. Hotuba nzuri kabisa. Kila nikiimaliza, Baba ananijibu kwa maneno yaleyale matatu.

Kinachouma ni kwamba yeye anajua. Aliupasua mwenyewe, akaunusa, akaupiga randa. Mninga. Hakuhitaji lenzi.

Nikajituliza kwa Arthur Koehler, kama kawaida yangu. Mwaka 1935, kwenye kesi ya utekaji wa mtoto wa Lindbergh, yule rubani maarufu wa Marekani, mawakili wa utetezi walipinga kwamba hakuna kitu kinachoitwa mtaalamu wa mbao. Jaji akamruhusu, naye akaonyesha kwa pete za ukuaji na matundu ya misumari kwamba kipande kimoja cha ngazi iliyotumika kwenye utekaji kilitoka kwenye sakafu ya dari ya mshtakiwa. Sawa. Koehler alikuwa na jaji. Mimi nina Baba.

Wiki yenyewe: ripoti ya ile kesi ya makontena tumeikabidhi, dada kajifungua salama, na tumeambiwa maabara itahamia ghorofa ya chini.

Alhamisi nikaichukua stuli nimrekebishie ule mguu. Nilipouchomoa, nikakata kijipande kwenye ulimi unaoingia tunduni, mahali pasipoonekana. Sikuwa na sababu yoyote ya maana, niseme ukweli. Nikakichemsha mpaka kikazama, maana kikiendelea kuelea bado kina hewa ndani na kitakuharibia kisu. Mikrotomu, mashine ya kukatia vipande vyembamba mno, ikatoa ukanda mwembamba uliojikunja kama utepe; nikaudaka kwa brashi iliyolowa, nikautia safranini, rangi nyekundu ya maabara, nikauweka chini ya hadubini.

Viwimbi hakuna. Miale mipana, haijajipanga hata kidogo. Na mirija imejaa vile vifuko vyembamba kama povu la sabuni, vilivyobanana mpaka vimeziba njia.

Nikarudia kukata. Vilevile. Nikaanza kucheka peke yangu, kijana wa zamu akaja kuchungulia.

Nikapiga simu. "Shikamoo Baba. Huu mguu unaocheza, mbona mvule?"

Kimya. Nikaisikia redio ikipunguzwa sauti.

"Nani kakwambia?"

"Mguu wenyewe."

Alicheka mpaka akapaliwa. Mninga ulimwishia miguu mitatu ikiwa tayari, akachukua kipande cha mvule kilichokuwepo, akakipaka rangi usiku mambo yakaisha. "Usimwambie mama yako. Nilimwapia ni mbao moja."

Nimekata simu ndipo nikakumbuka kwamba kwenye ripoti nisingeandika mvule hata kwa mtutu wa bunduki. Ningeandika Milicia, jina la ukoo wake, nikaishia hapo. Kwa Baba nimetamka jina bila kupepesa macho. Hakuniuliza nina uhakika gani.

Mguu nimeugundisha tena, umetulia. Lakini fomu ya shule ya Salma siioni. Inatakiwa kesho asubuhi, niliisaini Jumatano nikiwa nimesimama, na mahali pekee ambapo sijatafuta ni lile boksi la karatasi la maabara ambalo wahamishaji walilibeba Ijumaa.