Kivuli kiligoma saa sita

Juzi, tarehe 22 Februari, jua lilipita utosini hapa Mtwara. Tuko nyuzi 10 na ushei kusini mwa Ikweta, kwa hiyo hutokea mara mbili kwa mwaka, Februari na Oktoba. Nilichomeka ufito wa mita moja mchangani Shangani, nikiwa na mdogo wangu wa kidato cha tatu na rafiki zake wawili.

Saa sita kamili kivuli bado kipo, kama sentimita 14!

"Kaka, ufito umepinda."

Tukaupima kwa uzi wenye jiwe, uko wima kabisa. Tukakaa kupiga hesabu. Saa zetu zinafuata longitudo 45, sisi tuko 40, magharibi zaidi, kwa hiyo jua hutufikia baadaye. Kila nyuzi ni dakika 4, basi hizo 20. Lakini kivuli kiliisha saa sita na dakika 33! Zile 13 zilizobaki zinatokana na dunia kulizunguka jua kwa njia isiyo duara kamili, pamoja na mhimili wake kuinama. Vijana walipiga kelele, nami nikapiga nao.

Oktoba kivuli kitapotea mapema zaidi, saa sita na dakika kama 4. Tutakuwa palepale.